Mzee Tanzia na Hesabu ya Vichwa

Mama mkwe wangu ana neno moja ambalo hajanisamehe hadi leo. Siku mke wangu alipomwambia kwamba nimejiunga na klabu ya wazamiaji, mama alikuwa uani anapepeta mchele. Akasimamisha ungo. "Anazamia kwenda wapi?"

Simlaumu. Kwa Kiswahili chetu cha mjini mzamiaji ni mmoja kati ya wawili: kijana anayejificha ndani ya meli pale bandarini akitumaini kuamkia Ugiriki, au mtu mzima anayeingia kwenye harusi bila kadi na kutoka na mapaja mawili ya kuku mfukoni mwa koti. Mwalimu mstaafu wa hesabu mwenye wajukuu wawili hakutakiwa kuwa lolote kati ya hayo. Mke wangu akafafanua kwamba nashuka chini ya bahari kutazama samaki.

"Samaki si wapo Feri?"

Halafu akauliza ninaumwa nini hata nitembee na mitungi ya oksijeni kwenye gari. Hapo nikaingilia, na maisha yangu yote yameharibiwa na kuingilia. Nikamwambia si oksijeni, mama, ni hewa hii hii unayovuta hapa uani, imeshindiliwa tu kwa kompresa. Oksijeni tupu ukishuka nayo kupita mita 6 hivi inaweza kugeuka sumu, mtu akashikwa na degedege huko huko chini.

"Kumbe na sumu imo," akasema, akarudi kwenye ungo wake.

Lugha yetu haijatusaidia kabisa sisi watu wa mchezo huu. Kuna ile mikanda yenye vipande vya risasi, ile metali, ambayo mzamiaji huvaa kiunoni asielee kama kifuu. Siku moja askari wa barabarani alinisimamisha Mwenge, akataka kujua begi lile zito lina nini. Nikamjibu kwa unyofu wote: mkanda wa risasi. Nilifika ufukweni saa 5.

Nilizamia miaka 6. Kisha sikio la kushoto likagoma. Ukishuka mita 10 tu, mgandamizo unakuwa mara mbili ya ule wa juu, na sikio lisipofunguka linauma kama limetiwa msumari. Mtu mwenye akili angeacha, akacheza bao. Mimi nikaenda kwenye mkutano mkuu wa klabu. Katikati ya mkutano nikatoka nje kupokea simu ya fundi bomba, na niliporudi nikakuta napigiwa makofi. Nilikuwa nimechaguliwa Afisa Usalama wa Boti. Sababu iliyoandikwa kwenye kumbukumbu: "Alikuwa mwalimu, ana sauti." Posho: hakuna.

Hiyo posho ndiyo kiini cha mateso yangu. Boti ya hoteli ina nahodha anayelipwa, na mtalii akiambiwa kaa, anakaa, maana aliyemwambia yuko kazini. Sisi ni klabu ya hiari. Hakuna mfanyakazi, hakuna bosi, kila mtu amechangia. Boti moja ya mpira yenye sakafu ngumu, mita 7, mashine mbili nyuma, na wanachama 17 maana yake ni manahodha 17. Ukimwambia mtu avae jaketi la kuokolea, anakukumbusha kwamba mashine ya kulia ilinunuliwa kwa mchango wake.

Sasa niwasimulie Jumamosi moja ya Septemba, kusi likielekea ukingoni.

Tulipatana kuondoka saa 2 asubuhi. Saa hiyo haikutoka mbinguni, nimeitoa kwenye jedwali la maji. Ilikuwa siku za bamvua, na bamvua Dar es Salaam bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Ukichelewa, maji yanakukimbia, na trela lenye boti unalisukuma juu ya mchanga kwa vifua. Jedwali nililituma kwenye kundi la WhatsApp tangu Jumatano. Nikajibiwa kwa madole gumba manane. Saa 2 tulikuwa wawili ufukweni: mimi na kijana wa chuo anayetuendeshea boti, mtoto mwenye adabu, wa pekee katika klabu ambaye hajawahi kuwa mjumbe wa kamati.

Saa 3 kasoro robo wakaanza kuteremka. Mwenyekiti na miwani ya jua. Dada wa Benki, mzamiaji bora kuliko wote, ambaye huonekana kama amekuja kutukagua. Daktari wa Meno, ametoka harusini alfajiri. Mhandisi na boya jipya alilonunua Dubai. Mwanachama mpya, mpole, ana kidaftari. Na Mweka Hazina, ambaye alikuja na hotpoti la pilau na binamu yake.

"Huyu anatusindikiza tu," akasema. "Atachangia mafuta kidogo."

Nyuma ya usukani kuna bati dogo lililoandikwa idadi ya watu ambao boti imeundwa kuwabeba: 8. Tulikuwa tumeshatimia. Nikamwambia binamu hapandi. Mweka Hazina akaniita pembeni, akaniambia nitazame sura ya elfu 50. Nikamjibu kwamba siku tukipokea nauli ya mgeni tutakuwa tumeacha kuwa klabu na kuwa daladala ya majini, na daladala ina leseni yake, ukaguzi wake na bima yake, ambavyo hatuna hata kimoja. Binamu akabaki ufukweni na kofia yake ya majani. Mkumbukeni huyo binamu.

Kabla ya kung'oa nanga mimi hutoa maelezo, na kwa sababu ya maelezo hayo nimepewa jina. Wananiita Mzee Tanzia, kama yale matangazo ya vifo ya redioni enzi zetu, kwa kuwa kila kanuni yangu inakuja na marehemu wake. Nifanyeje? Kanuni za baharini zote zimeandikwa na marehemu.

Kwa mfano ule mkia mwekundu wa kuzimia mashine. Upande mmoja umechomekwa penye swichi, upande wa pili unafungwa mguuni kwa dereva, akirushwa majini mashine inazimika. Mwenyekiti akishika usukani huutundika kwenye kioo cha mbele kama tasbihi, eti unambana. Nikamweleza habari ya Padstow, Uingereza, Mei 2013: familia ya watu 6 ilirushwa majini kutoka kwenye boti yao, mkia haukufungwa kwa mtu, boti ikaendelea kuzunguka yenyewe kwa kasi na kuwarudia. Baba na bintiye wa miaka 8 wakafa.

"Tanzia namba moja," akasema Mweka Hazina, na wenzake wakacheka. Lakini Mwenyekiti aliufunga. Kwa sura ya mtu aliyefungwa pingu, ila aliufunga.

Bendera nayo ina kesi yake. Mmarekani mmoja aliyewahi kuwa mwanachama alituachia bendera nyekundu yenye mstari mweupe wa mshazari, ambayo kwao huwaambia watu kuna mzamiaji chini. Mwenyekiti ni Yanga wa damu. Alisema hatapanda boti yenye nyekundu na nyeupe hata kama chini yupo mama yake mzazi. Kwa bahati ipo ile ya kimataifa, nyeupe na buluu, yenye pengo kwenye mkia, inayosema: nina mzamiaji, pita mbali, nenda taratibu. Tukaitundika hiyo. Vijana wa pikipiki za majini wakiiona husogea karibu kabisa, kwa mwendo wa wazimu, na kupiga kelele: "Azam! Azam!"

Tukafika upande wa nje wa Pangavini, kile kisiwa kidogo kati ya Bongoyo na Mbudya, vyote hifadhi ya bahari tangu 1975. Mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi huongeza mbio. Nikasema tena, kama nilivyosema ufukweni: wawili wawili, mwisho dakika 40, mkipanda pandeni polepole, simameni dakika 3 kwenye mita 5, na mkitokeza juu jazeni boya. Kichwa cha mtu baharini, ukiwa mbali, ni nazi. Na baharini nazi ni nyingi.

Kisha nikaita mahudhurio.

Wanacheka, lakini nimeita mahudhurio miaka 30 na ninajua jinsi hesabu inavyoharibika. Haiharibiki kwa wajinga. Inaharibika kwa marafiki wema. Unaita jina, mwenyewe yuko nyuma ya darasa la pili anavuta sigara, na rafiki yake kwa sauti nyembamba anaitikia, "Yupo!" Ndiyo maana kwenye boti yangu huitikiwi na mtu, unaitikia mwenyewe, na nataka kukuona mdomo. Jina naliandika kwenye ubao, saa ya kushuka, mwenzako ni nani, mtungi una hewa kiasi gani. Ukirudi nalikata.

Mwaka 1998, huko kwenye Miamba Mikuu ya Australia, mke na mume Wamarekani walishuka na wenzao kuzamia, hesabu ya kurudi ikakosewa, boti ikaondoka. Hakuna aliyegundua mpaka siku 2 baadaye, ulipookotwa mfuko wao ndani ya boti. Hawakuonekana tena. Na ile ilikuwa boti ya biashara, yenye watu wanaolipwa kuhesabu. Sisi tunahesabiana kwa mapenzi.

"Tanzia namba mbili."

Ipo na namba tatu, lakini hiyo siitoi kwenye boti. Nilikuwa mwalimu kijana Mei 1996 ilipozama MV Bukoba. Daraja la tatu halikuwa na orodha ya abiria. Mpaka leo tunataja mamia, kila mtu na mamia yake. Ukinisikia nang'ang'ania kuhesabu watu 6 mara tatu, ujue nilianzia huko.

Wakashuka. Jozi ya kwanza Dada wa Benki na mwanachama mpya, ya pili Mwenyekiti na Mweka Hazina, ya tatu Daktari na Mhandisi. Mwenyekiti alitaka na kijana naye ashuke, "asichoke bure huko juu." Kila Jumamosi kuna anayetaka boti ibaki peke yake, kama punda aliyefungwa mlangoni. Boti haijui kusubiri. Nanga ikiteleza inakwenda zake Pemba, na ninyi mtakaotokeza mtaitazama.

Utulivu ule wa juu, watu wakiwa chini, ndiyo mshahara wangu. Unasikia maji yakigonga mpira, unatazama mapovu. Nilikuta ule mtungi wetu wa oksijeni wa huduma ya kwanza, ambao ni oksijeni kweli, umewekwa chini ya hotpoti la pilau, na juu ya hotpoti mapezi, na juu ya mapezi ndoo. Nikaufukua. Kijana akaniuliza kwa nini naongea peke yangu.

Wa kwanza kutokeza walikuwa Dada wa Benki na mwanachama mpya, baada ya dakika 12 tu. Mwanachama mpya karibu alie. Alikuwa ameona kasa, akafurahi, akamnyanyulia mwenzake dole gumba. Sasa kwetu juu dole ni poa, safi, mambo yote. Chini ya maji dole ni "napanda." Dada wa Benki ni mtu wa taratibu. Akampandisha. Kasa akabaki.

Dakika 38, Mwenyekiti na Mweka Hazina, mashine zimezimwa, ngazi imeteremshwa, nikawakata ubaoni. Dakika 41 akatokeza Daktari wa Meno. Peke yake.

"Mwenzako?"

Akageuka kutazama, kama mtu aliyesahau mwavuli kwenye basi. "Alikuwa nyuma yangu."

Mtu huwa nyuma yako kwenye foleni ya benki. Baharini mwenzako yuko ubavuni. Sikumwambia hivyo wakati ule, nilimwambia kwa lugha ambayo mhariri hataichapisha. Nikahesabu. Watano. Nikahesabu tena, nikijihesabu kwa makosa, wakawa sita, moyo ukatulia sekunde moja, kisha ukaanguka upya.

Niliyoyafanya baada ya hapo niliyafanya kwa sababu nilishayarudia usiku kitandani mara mia. Saa ikaandikwa. Mahali pakawekwa alama kwenye GPS, na boya zito likadondoshwa hapo hapo, maana bahari ukigeuka mara moja tu inafuta anwani. Nikatangaza redioni, chaneli 16, boti gani, wapi, mtu mmoja hajaonekana. Hakuna aliyejibu. Kila mtu nikampa kipande chake cha bahari, wewe kuanzia omo mpaka pale, wewe kutoka pale mpaka tezi, usinitazamie kipande cha mwenzako. Halafu tukaanza kuufuata mkondo kaskazini, polepole, kijana kwenye usukani na mkia mguuni bila kuambiwa.

Hakuna aliyesema tanzia namba ngapi.

Petroli mimi hugawa mafungu matatu: la kwenda, la kurudi, na la tusilolijua. Mweka Hazina hulichukia fungu la tatu kuliko kodi. Kila Jumamosi linarudi nyumbani bila kutumika, na yeye huliona kama pesa inayokwenda matembezini. Dakika ya 35 ya kutafuta, koo limenikauka, nikamwona anachungulia tangi.

"Hii akiba," akanong'ona, "ikiisha, itaandikwa kwa nani?"

Dada wa Benki alimtazama tu. Hakuuliza tena.

Kijana ndiye aliyesema tuwaulize wavuvi. Palikuwa na ngalawa inashusha nyavu, tukaisogelea.

"Shikamoo mzee," akasema yule bwana mdogo wa ngalawa. "Mnamtafuta yule aliyevaa mpira mweusi mwili mzima? Wenzetu wa Kunduchi wamempeleka Mbudya. Alikuwa anapunga mkono sana. Wakadhani anasalimu, nao wakampungia. Mara ya tatu ndiyo wakageuza."

Kupunga mkono kwa mzamiaji ni "nisaidieni." Kwa pwani nzima ni "habari za asubuhi."

Mbudya siku hiyo palikuwa na watu wa ofisi fulani wamekuja kula siku yao: muziki, fulana za rangi moja, samaki wa kukaanga na viazi. Chini ya banda, katikati yao, suti imeshushwa mpaka kiunoni, fulana ya ofisi shingoni, alikaa Mhandisi na changu mzima kwenye sahani. Alikuwa anawasimulia. Kwa jinsi mkono wake ulivyopaa, nadhani alikuwa amefikia papa. Boya la Dubai lilikuwa pembeni yake, limekunjwa vizuri, na lebo yake bado. Hakulijaza, alituambia baadaye, kwa kuhofia lisichubuke siku ya kwanza.

Aliponiona akaninyanyulia dole gumba. Sikujua anamaanisha poa au anapanda. Nikampandisha.

Nikaita mahudhurio. Sita. Nikawafanya waitikie tena kwa kunitazama. Sita, na sisi wawili, nane.

Sasa, nina utaratibu mmoja ambao kamati iliucheka mpaka machozi. Kwenye mlango wa friji nyumbani huacha karatasi: majina ya waliokwenda, mahali, saa ya kurudi, na maelekezo kwamba ikipita saa moja zaidi na sijapiga simu, mke wangu aanze kupiga yeye. Siku ile saa ya kurudi ilikuwa 8 mchana. Simu yangu ilikuwa ndani ya mfuko usioingiza maji, imekufa chaji. Katika nchi nzima mke wangu ndiye mtu wa pekee anayefuata kanuni zangu. Saa 9 kamili akaanza kupiga. Simu za boti zote hazipatikani. Namba ya pekee iliyoita ilikuwa ya binamu wa Mweka Hazina, ambaye bado alikuwa na hasira.

"Mimi sikwenda, shemeji," akamwambia. "Boti ilijaa."

Mama mkwe alikuwa sebuleni. Yeye alisikia nusu. "Imejaa nini?" akauliza, na bila kungoja akajijibu mwenyewe kwamba boti haijai kitu kingine ila maji.

Niliingia uani saa 12 jioni, chumvi mpaka kwenye nyusi, Mwenyekiti na Mhandisi nyuma yangu kwa kuwa gari lilikuwa moja. Turubai lilikuwa limeshafungwa kwenye mwembe. Viti vya plastiki, nikavihesabu bila kutaka, 40. Majirani, jamaa wa Mbagala, mjomba ambaye hatujaonana tangu mirathi. Sufuria mbili kubwa mekoni. Mke wangu akanikimbilia, akanishika uso, kisha akanipiga kofi la bega ambalo mpaka leo nalisikia. Watu wakapiga makelele ya furaha, ambayo kwa mbali yanafanana sana na yale mengine.

Mama mkwe hakuinuka mkekani. Alikuwa amejifunga khanga kiunoni, tayari kwa kazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akanitazama chini mpaka juu, kama mtu anayekagua mzigo uliorudishwa. Kisha macho yake yakanipita. Mhandisi alikuwa ameshapata kiti, na mapajani sahani ya wali na maharage. Mwenyekiti alikuwa kwenye foleni.

"Na hawa ni nani?"

"Wazamiaji wenzangu, mama."

Akaiangalia ile sahani muda mrefu.

"Naona," akasema.